Chura Aliyepewa Jina la Manyunyu

Majuma machache yaliyopita umeme ulikatika punde baada ya swala ya isha, nasi tukabaki barazani mwa msikiti pamoja na wazee na vijana wachache tukiungoja urudi. Mzee wetu mmoja akasema kwa utani, "Leo maji yetu wamepewa vyura wa Kihansi." Watu wakacheka, nasi tukacheka nao. Ndipo mtoto mmoja wa madrasa alipouliza: chura huyo ana nini hata agombee maji na watu? Hakupata jibu usiku ule. Safu ya juma hili ni jibu lake, ingawa limechelewa.

Ana udogo, kwanza. Jike hafikii sentimita 3, na dume hazidi sentimita 2. Ukimweka dume juu ya sarafu ya shilingi mia, sarafu itaonekana pembeni yake. Rangi yake ni manjano ya dhahabu, na ngozi ya tumboni ni nyepesi kiasi kwamba kwa jike mwenye mimba watoto huweza kuonekana ndani. Tumesema watoto, wala hatukukosea. Chura tuliyemzoea hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi, kisha viluwiluwi wakaota miguu. Huyu hazai viluwiluwi. Huzaa vyura kamili, wenye miguu minne, wasiozidi milimita chache kwa urefu.

Jambo hilo la kuzaa ndilo lililowasumbua wataalamu katika kumtafutia ukoo. Mwaka 1905 mtaalamu wa Kijerumani, Gustav Tornier, alipomwandika chura wa kwanza wa aina hii kutoka katika nchi hii, alimweka katika kundi moja na vyura wa Australia, mbali kama kumwandikisha mtoto wa Tanga katika daftari la ukoo wa ng'ambo. Mwaka 1926 Noble, wa Marekani, akawatengea jenasi yao wenyewe, Nectophrynoides. Baadaye waliingizwa humo pia vyura wa Ethiopia na wa mlima Nimba huko Afrika Magharibi, kwa kuwa hawa wa Nimba nao huzaa. Kumbe kuzaa kwao si kumoja: wa Nimba hulishwa na mama tumboni, ilhali wa kwetu huishi kwa kiini cha yai hadi kuzaliwa. Wageni wakatolewa, na leo jenasi hiyo ina spishi zaidi ya kumi, zote za Tanzania, katika familia ya Bufonidae, ambamo wamo pia wale vyura wakubwa wenye vinundu wanaovizia wadudu chini ya taa zetu za uani.

Huyu wa Kihansi ni mmoja wao. Alionekana mwaka 1996, na mwaka 1999 akapewa jina la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wa manyunyu". Waliomwita hivyo walimwita kwa nyumba yake.

Nyumba yenyewe iko katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, ambako mto Kihansi huporomoka kutoka juu ya mwamba kuingia korongoni. Maji yakipiga mawe hupasuka yakawa ukungu, na upepo wa maporomoko huusukuma ukungu huo juu ya majani na kuvu la mawe mchana na usiku, kiangazi na masika. Hapo palikuwa na unyevu usiokatika na joto lisilobadilika sana. Eneo lote la chura huyu lilikuwa kiasi cha hekta 2, yaani viwanja vya mpira visivyofika vitatu. Hajapata kuonekana porini mahali pengine popote duniani.

Mtego ni kwamba maporomoko hayo hayo ndiyo yaliyofaa kwa umeme. Chura alipogunduliwa, ujenzi wa mradi ulikwisha kuanza. Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilianza kazi, na maji takriban asilimia 90 yakaelekezwa katika handaki kwenda kwenye mitambo. Mwamba ukabaki, mto ukabaki mwembamba, ukungu ukaisha. Hatuwezi kuusema vibaya umeme huo huku tukisoma darsa chini ya taa zake. Hospitali na visima vya pampu vinautegemea. Lakini bei yake ilikuwepo, na aliyeilipa hakuulizwa.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani kufugwa katika bustani za wanyama. Kule korongoni yalitandikwa mabomba ya kunyunyizia maji, nao waliobaki wakaongezeka tena. Katikati ya mwaka 2003 walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000. Kisha katika miezi michache wakaisha. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikutwa kati yao, na mapema mwaka 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Hao wa Marekani ndio walioendeleza ukoo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege na kulelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 waliachiwa korongoni. Ni mara chache kiumbe aliyekwisha porini amepata kurudishwa hivyo. Hata hivyo manyunyu wanayoyakuta huko ni ya mabomba, na kuvu lile bado ni tishio.

Wapo wanaouliza kwa nini fedha zitumike kwa chura. Swali ni halali, hasa kwa aliyelala gizani. Ila sisi hatukulelewa kumdharau chura: Abu Dawud amepokea kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua.

Juzi tulimsimulia mzee wetu yote haya pale pale barazani, umeme ukiwa upo. Alisikiliza bila kutania. Kisha akauliza, mabomba hayo yakiziba usiku, kuna mtu wa kwenda kuyazibua?