Chepesi Si Dhaifu

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Wahenga nawaheshimu, lakini nachelea methali hii imetufundisha kudharau kila kitu kilicho kitupu ndani. Mwenzetu akija na sanduku jepesi huambiwa, "Hilo halifiki muhula wa pili!" Ati kizito ndicho imara. Nani kasema? Mimi napinga, na shahidi wangu ni povu.

Tulia kwanza, si povu la sabuni wala la godoro. Nasema juu ya povu la sintaktiki. Hutengenezwa kwa kuchanganya gundi ya epoksi na vitufe vya kioo vilivyo vitupu ndani, vidogo mno hata ukivitia kiganjani utadhani ni unga. Gundi ikishaganda, hupatikana kitu kigumu cha kukatwa kwa msumeno, nacho huelea majini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; lita moja ya povu la bahari kuu huwa na takriban gramu 500 hadi 700 tu.

Je, lina nguvu? Tarehe 26 Machi 2012 James Cameron, mtengenezaji filamu, alishuka peke yake karibu mita 10,900 katika Bahari ya Pasifiki, ndani ya chombo kiitwacho Deepsea Challenger. Sehemu kubwa ya chombo hicho ilikuwa povu hilo. Huko chini, eneo dogo kama ukucha hubanwa na uzito unaozidi tani moja! Kikombe cha povu la kawaida kikishushwa bahari kuu hurudi kimenywea kama cha mwanasesere. Povu la Cameron lilimrudisha juu salama.

Siri ni nini? Debe ni utupu mmoja mkubwa. Likibonyea mahali pamoja, limekwisha. Povu hili ni utupu uliogawanywa kwa mamilioni. Kila kitufe hubanwa sawasawa pande zote, na kioo, ijapokuwa hupasuka upesi kikipindwa, huvumilia sana kubanwa. Fauka ya hayo, kitufe kimoja kikivunjika, majirani hubeba mzigo wake. Umoja ni nguvu, jamani!

Hata hivyo, mimi si shabiki kipofu. Povu hili likivutwa badala ya kubanwa, vitufe hubanduka kwenye gundi na nyufa huanza. Tena ukilitaka liwe jepesi zaidi, kuta za vitufe huna budi kuzipunguza unene, na hapo nguvu nazo hupungua. Hakuna cha bure.

Ndiyo maana nasema kuuliza "Ni kizito?" ni uvivu wa kufikiri. Swali la maana ni hili: kina nguvu dhidi ya nini, na nani amepima? Mwezi wa Juni 2023 watu 5 waliangamia ndani ya Titan, chombo kilichokuwa kikishuka kwenye mabaki ya Titanic. Sehemu kuu ya mwili wake ilikuwa ya nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na hodari sana zikivutwa. Lakini chini ya bahari mwili wa chombo haukuvutwa, ulibanwa. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani iliyotolewa mwaka 2025 ilisema maafa yale yangaliweza kuzuiwa, ikalaumu usanifu na ukaguzi usiofaa. Kwa hivyo si wepesi uliowaua. Ni kutopima ipasavyo.

Walimu wetu wa fizikia, hapa ndipo nawaomba. Tumechoka kukariri ubaoni kwamba hiki kina nguvu na kile hakina. Tuleteeni maabara vipande vya mbao, plastiki na povu, tuvibane, tuvivute, tuvivunje wenyewe, tuandike tulichoona. Anayepima leo kijiti ndiye atakayepima kesho daraja au feri tutakayopanda sote.

Nanyi wenzangu, msihukumu kwa mizani peke yake. Hao hao wahenga walituonya tusidharau wembamba wa reli, maana gari moshi hupita juu yake.