Magari ya Zamani Hayakuwa Imara

Taja gari jipya kwenye baraza lolote la watu wazima, utaambiwa papo hapo kwamba magari yalikuwa yale ya zamani, ya chuma kizito, na haya ya leo ni makopo tu. Wote wataitikia kwa vichwa, na mjadala utafungwa. Mimi naupinga usemi huo, na ninaupinga nikiwa mtu aliyelipenda gari kuukuu kwa moyo wote.

Gari langu la kwanza lilikuwa saluni ya kabureta, ya miaka ya sabini. Lilichemsha kila penye mlima. Mlima wa Kitonga niliupanda usiku, kwenye ubaridi, na madumu ya maji nyuma ya kiti. Alfajiri vijana wa mtaani walilisukuma mpaka liwake. Kwalo nilijifunza kusugua pointi kwa msasa, kuzibua jeti ya kabureta kwa pumzi ya mdomo, na kubadili fani belti kando ya barabara. Mikumi na Ruaha Mbuyuni nilipata marafiki ambao gari zima lingenipitisha kwa kasi bila kuwajua. Kumbukumbu hizo ni tamu mno. Lakini utamu wake hauthibitishi uimara wa gari. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Tuutazame ukweli. Volkswagen Beetle, gari lililosifiwa dunia nzima kwa ugumu, lilitakiwa kumwagwa oili na kurekebishwa valvu kila maili 3,000, yaani karibu kila kilomita 5,000. Mita yake ya mwendo ilikuwa na tarakimu tano: ikifika 99,999 inarudi sifuri. Leo kuna plagi zinazokaa kilomita 100,000 bila kuguswa, na gari lililofika laki mbili bila kufunguliwa injini halimshangazi mtu.

Na hilo bati nene? Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Kibanda cha abiria cha Bel Air kilisambaratika. Dereva wake, angekuwa mtu, asingepona. Wa Malibu angeumia mguu. Bati nene halikumsaidia kitu yule wa kwanza, kwa sababu kinachookoa ni umbo lililopangwa kubonyea mahali panapotakiwa, mkanda, na mfuko wa hewa.

Watakuja na hoja ya macho: mbona Land Rover ya babu bado inatembea? Inatembea hiyo moja. Za rika lake zilizokufa hazipiti barabarani zikaonekana. Zilikatwa zikauzwa kwa kilo, na alumini ya injini nyingi za zamani tunaipikia ugali, imekuwa sufuria.

Hata hiyo iliyobaki haikubaki kwa uimara wake. Ilibaki kwa sababu iliharibika mara elfu na mara elfu ikatengenezwa. Fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua kwa spana chache, akaona kwa macho kilichovunjika, akachonga kingine. Uwezo huo wa kutengenezeka ndio tunaoulilia, na sifa yake tumeipeleka kwenye chuma wakati ni ya mafundi.

Kosa hili lina madhara. Linamfanya mzazi awapakie watoto kwenye gari lisilo na mkanda hata mmoja, akijiaminisha kwamba bati litawalinda. Linamfanya fundi kijana aamini kwamba gari la kompyuta halitengenezeki, abaki kubahatisha, anabadili kifaa hiki na kile kwa fedha ya mteja. Na linatuziba midomo: tukishakubali kwamba magari mazuri yalikwisha zamani, hatuna tunachodai leo.

Cha kudai kipo. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa nje taarifa zilezile za kupima na kutengeneza wanazowapa mawakala wao. Kwa nini sisi, tunaoendesha magari yaliyokwishatumika Japani, tusidai vivyo hivyo? Tunataka vitabu vya ufundi kwa Kiswahili. Tunataka mashine za kusoma hitilafu zifike kwenye gereji za mitaani, na vyuo vya ufundi vya VETA viwafundishe umeme wa magari hata mafundi waliokwishazeeka kazini. Tunataka vipuri halisi kwa bei inayolipika.

Anayelipenda gari lake kuukuu na alitunze, hiyo ni haki yake. Ila akikaa barazani asiwaambie vijana kwamba ubora uliondoka na kabureta. Awaambie kwamba kulikuwa na mafundi walioyafungua magari yote ya zama zao na kuyaelewa, kisha asimame pamoja na vijana hao kudai haki ya kuyafungua ya zama hizi.