Mwonyeshe mtoto Frankenstein, lakini keti naye

Kama una miaka ishirini na kitu na unaishi kati ya Ruiru na Thika, huenda likizo hii umeachiwa mtoto. Wako, wa dadako, wa jirani, haijalishi. Wenyewe wako kazini Nairobi, wakitoka jioni wanakwama kwa jam ya Thika Road, wanafika Kihunguro au Makongeni mtoto ashalala. Wewe uliye kwa keja ndiye unaambiwa "mwangalie." Na tunajua vile huwa tunawaangalia: unampa simu, ananyamaza, unaendelea na shughuli zako.

Sasa cheki anachotazama. Kwenye ploti ninayoishi kuna mtoto wa Gredi ya 2 anayekataa kwenda choo cha nje usiku. Ukimuuliza anaogopa nini, anakutajia jina kabisa: Huggy Wuggy, lile dude la manyoya ya bluu na meno mengi, lililotoka kwenye mchezo wa kompyuta wa Poppy Playtime. Hakuna mtu mzima kwenye ploti yetu aliyekuwa akilijua. Mtoto alikutana nalo peke yake chini ya blanketi, kwenye klipu ya sekunde chache isiyo na mwanzo wala mwisho.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto kama huyo anahitaji filamu za mazimwi. Tena zile za zamani kabisa, nyeusi na nyeupe, na wewe ukiwa hapo kando yake. (Mimi chuo niliacha kabla hakijaniacha, kwa hivyo usingoje ninukuu maprofesa.)

Tuanze na serikali. Bodi ya KFCB inazipa filamu alama nne: GE ni ya kila mtu, PG inahitaji mwongozo wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu zinazoonyeshwa kwa umma zipitie kwa bodi kwanza. Runinga nayo inatakiwa kuweka vipindi vinavyofaa familia kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Yote hayo yana maana pale ambapo kuna mlango na mtu wa kuusimamia. Simu uliyompa haina mlango. Hata hiyo PG imeandikwa ikidhani kuna mtu ameketi hapo na mtoto. Mtu mwenyewe ndiye wewe, na uko jikoni.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi tulijua kuitazama filamu ya kutisha kabla simu hazijaingia. Ingia kibanda cha video popote, DJ Afro akiwa kwenye spika. Jamaa anakutambulisha kwa adui mapema, anampa kila mtu jina la mtaani, na damu ikianza kumwagika anakuchekesha katikati. Watoto hawakufaa kuwa mle, lakini waliingia, na hofu yao waligawana na benchi zima.

Cucu zetu walikuwa na kazi hiyo hiyo. Kuna ile hadithi ya Wakikuyu ya mhunzi aliyeenda kufua vyuma mbali, mkewe akajifungua akiwa peke yake. Irimu likaja likijifanya mkunga. Likawa linapika, linamwonyesha mama chakula, kisha linakula lenyewe huku yeye akikonda. Mpaka njiwa akalipwa mbegu za mbarika apeleke habari kwa mume. Ukiniuliza, Dracula ni mtoto mbele ya hilo irimu. Lakini cucu alikuwa hapo, na hadithi haikukatwa katikati: mhunzi alirudi.

Kukatwa ndiyo hoja yangu kubwa. Kwenye Frankenstein ya 1931, ile ya Boris Karloff, zimwi linakutana na msichana mdogo kando ya ziwa. Wanatupa maua majini, yanaelea. Maua yakiisha, zimwi linamtupa mtoto, likidhani naye ataelea. Anazama. Wakaguzi wa enzi hizo waliona ni kali mno wakaikata pale mikono inaponyooshwa kumshika. Kilichofuata kwenye skrini ni baba akibeba maiti. Watazamaji wakajijazia wenyewe, na walichowaza kilikuwa kibaya kuliko kilichopigwa picha. Kipande hicho kilirudishwa miaka ya 1980. Klipu za simu zinafanya kazi ile ile ya mkasi, kila siku.

Filamu hiyo pia inaanza na mwanamume anayetoka nyuma ya pazia kuwaonya watazamaji kwamba watashtuka. Kumbe hata Hollywood ilikuwa na DJ wake.

Usiichanganye na Frankenstein ya Guillermo del Toro iliyoingia Netflix Novemba 2025. Ni kali, lakini ni ya watu wazima.

Mimi ningeanza na Nosferatu ya 1922, kutoka Ujerumani. Mjane wa Bram Stoker, aliyeandika Dracula, alienda kortini na nakala zikaamriwa kuharibiwa, lakini nyingine zikapona. Leo iko bure kwenye Internet Archive. Uzuri wake ni kwamba haina sauti ya mtu, kwa hivyo DJ Afro ni wewe. Simulia kwa Kiswahili, Kikuyu, Sheng, chochote. Kile kivuli kikipanda ngazi, mwambie "huyo anatafuta choo."

King Kong ya 1933 iletee mtoto wa miaka minane hivi, na uwe tayari kuongea. Wenyeji wa kisiwa wamechorwa kama washenzi, mtoto mweusi ataona na atauliza. Ataona pia nani alimfunga Kong minyororo akampeleka New York kumwonyesha kwa tiketi.

Godzilla ya 1954 ningeiweka mwisho, miaka kumi kwenda juu. Ilitoka miaka tisa baada ya Hiroshima, na kuna mama ndani yake anayekumbatia wanawe akiwaambia wanaenda kwa baba yao. Hapo utani haufai.

Mzazi akikataa kwa sababu za dini, usimzunguke, mtoto ni wake. Wa chini ya miaka mitano, wacha kwanza. Na mtoto akisema zima, zima, kisha mwambie kwa mdomo ilivyoisha.

Usingoje usiku. Anza saa tisa mchana, pazia likiwa wazi, ndiyo lile swali la ziwani likija kuwe bado na mwanga wa kutembea naye hadi dukani kununua maziwa.