Mjinga ni Nani? Somo la Kisiasa Kutoka Albamu ya Green Day

Muhula uliopita, katika semina ya sanaa na siasa, mwanafunzi mmoja alitoa hoja ambayo imenikaa kichwani hadi leo. Alisema kwamba nyimbo za kuikosoa serikali ni kupoteza muda, kwa kuwa hazimwondoi mtawala madarakani. Akatoa mfano: mwaka 2004 bendi ya Kimarekani ya Green Day ilitoa albamu iitwayo American Idiot wiki sita kabla ya uchaguzi mkuu, ikapendwa pande nyingi za dunia, na bado George W. Bush akashinda. "Mwalimu," akauliza, "albamu hiyo ilifaa nini?"

Darasa lilicheka. Nilimjibu kwa haraka, nikataja mauzo na tuzo, na jibu langu halikuwa zuri. Makala hii ni jaribio la kumjibu ipasavyo.

Kwa wasiowafahamu, Green Day ni watu watatu kutoka California: Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa, Mike Dirnt, mpiga besi, na Tré Cool, mpiga ngoma. Walikulia katika muziki wa panki, ule wa kasi na ghadhabu, lakini wakauchanganya na sauti tamu za kuimbika. Ndiyo maana muziki wao huitwa popu-panki. Albamu yao ya mwaka 1994, Dookie, iliuza zaidi ya nakala milioni 10 nchini Marekani pekee. Kufikia mwaka 2000 upepo ulikuwa umegeuka. Albamu yao ya mwaka huo, Warning, iliuza kidogo mno kulinganisha na zile za awali, na wengi wakaamini kwamba enzi yao imekwisha.

Mwaka 2003 walikuwa wamekaribia kukamilisha albamu nyingine, Cigarettes and Valentines, pale kanda zake zilipoibwa studioni. Wangeweza kuzirekodi upya nyimbo zile zile, maana walikuwa wanazijua. Lakini mtayarishaji wao, Rob Cavallo, aliwauliza swali ambalo kila mwandishi, msanii na mtafiti anapaswa kujiuliza: je, kazi ile iliyopotea ndiyo bora kuliko zote mlizoweza kuifanya? Walitafakari, wakakiri kwamba sivyo. Basi wakaanza upya.

Namna walivyoanza ina mafunzo yake. Siku moja Dirnt, akiwa peke yake studioni, alitunga kijiwimbo cha sekunde 30 tu. Armstrong aliposikia akataka naye atunge chake, na Tré Cool akafuata. Vipande hivyo, kila kimoja kikijaribu kukishinda kilichotangulia, viliunganishwa vikawa wimbo mmoja wa zaidi ya dakika tisa, Homecoming. Hapo wakagundua kwamba wanaweza kusimulia hadithi ndefu kwa muziki uliozoeleka kwa nyimbo za dakika mbili au tatu. Kazi kubwa ilizaliwa katika utani wa kazini, kwa sababu watu watatu walikubali kushindana bila kuoneana wivu.

Wakati huo nje ya studio nchi yao ilikuwa vitani. Marekani ilikuwa imeivamia Iraki Machi 2003, na watazamaji walikuwa wakiletewa vita sebuleni na waandishi waliosafiri pamoja na vikosi vya jeshi. Kuhoji kulikuwa na gharama. Siku chache kabla ya uvamizi, mwimbaji wa kundi la Dixie Chicks alisema jukwaani London kwamba wanaona aibu kuwa rais anatoka jimbo lao la Texas. Redio nyingi za muziki wa kantri ziliacha kupiga nyimbo zao. Haikuhitajika amri ya waziri wala barua ya mkuu wa polisi. Hofu ya kupoteza wasikilizaji na wenye matangazo ilitosha. Wanafunzi wa siasa walizingatie hilo: kunyamazishwa hakutoki serikalini peke yake.

Katika hali hiyo, tarehe 21 Septemba 2004, American Idiot ikatolewa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiita albamu ya kumpinga Bush. Ni kweli kwamba ndani yake umo wimbo kama Holiday, unaoishambulia vita waziwazi. Lakini angalieni jina la albamu. Halimtaji rais. Linamtaja raia.

Neno hilo la Kiingereza lina asili ya Kigiriki. Wagiriki wa kale waliposema idiotes walimaanisha mtu binafsi, asiyeshika wadhifa wa umma, aliyeshughulika na mambo yake mwenyewe. Karne zilivyopita, maana ikateremka: kutoka mtu binafsi hadi asiye na ujuzi, kutoka asiye na ujuzi hadi mpumbavu. Safari ya neno hilo ni somo la uraia. Nasi tuna tofauti yetu. Mjinga ni asiyejua, na akifundishwa ataelewa. Mpumbavu hata ukimfundisha hataki. Raia anayelengwa na albamu hii yuko kati ya hao wawili. Ni mtu aliyechagua kutojua, kwa sababu runinga imewaka, kochi ni laini, na anayekufa yuko mbali.

Oktoba 2004, albamu ikiwa bado mpya madukani, mkaguzi mkuu wa silaha wa Marekani, Charles Duelfer, alitoa taarifa iliyothibitisha kwamba Iraki haikuwa na maghala ya silaha za maangamizi yaliyotajwa kuhalalisha vita. Tarehe 2 Novemba wananchi wakapiga kura, na Bush akarudi Ikulu. Basi swali lilelile lilirudi kwa raia, tena kwa uzito zaidi: ukishajua, unafanya nini?

Lakini albamu haikuishia kumcheka raia aliyelala. Ingeishia hapo, ingekuwa kejeli ya watu wanaojiona wameamka, na kejeli hiyo tunayo ya kutosha. Hadithi yake inamhusu kijana aitwaye Jesus of Suburbia, anayechoshwa na mtaa wake uliodumaa, akaenda mjini kutafuta maisha ya uasi. Huko anatokea St. Jimmy, mfano wa hasira isiyo na breki, mwenye dawa za kulevya na maneno ya moto. Anakutana pia na mwanamke mwenye msimamo, anayepigania jambo badala ya kubomoa tu. Jimmy anaishia kujiangamiza. Mwanamke yule anaondoka. Kijana anarudi alikotoka, na wimbo wa mwisho unamkuta miaka baadaye akimkumbuka mwanamke huyo, lakini hata jina lake limemtoka.

Fikirini hilo. Albamu iliyosifiwa kama sauti ya uasi inamalizika kwa mwasi aliyeshindwa, si na polisi wala na rais, bali na hasira yake mwenyewe. Wahenga walisema hasira hasara. Ninaisoma kazi hii kama maelezo marefu ya methali hiyo: hasira iliyokosa upendo wa jambo fulani humla mwenyewe, na anachopoteza mwishowe ni kumbukumbu ya kile kilichostahili kupiganiwa.

Kuna watakaonipinga kwamba hawa ni matajiri waliouza upinzani kupitia kampuni ya Reprise, tawi la Warner, moja ya makampuni makubwa ya muziki duniani. Hoja hiyo si ngeni. Waliposaini mkataba na kampuni hiyo miaka ya tisini, ukumbi wa 924 Gilman Street wa Berkeley, uliowalea, uliwafungia milango kwa sababu haukuruhusu bendi za makampuni makubwa. Siwadharau waliofanya hivyo. Jumuiya isiyo na mipaka haina maana. Nakubali pia kwamba wanamuziki wa roki wa California hawakuwa katika hatari iliyowakabili Dixie Chicks, ambao wasikilizaji na redio zao zilikuwa upande wa vita. Lakini usafi wa mfuko wa msemaji hauwezi kuwa kipimo pekee cha ukweli wa maneno yake. Tukiweka kipimo hicho, mimi ninayelipwa mshahara na chuo nikae kimya, na mtumishi wa umma asifungue kinywa hadi atakapostaafu.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Kura haihesabiwi kwa nyimbo. Anayetunga wimbo akitarajia umwangushe mtawala mwezi ujao atavunjika moyo, na akivunjika moyo atanyamaza. Wimbo hufanya kazi nyingine, ya polepole: humnyima raia kisingizio cha kusema hakuambiwa. Mwaka 2010 hadithi ileile ilipanda jukwaani Broadway kama tamthilia ya muziki, na miaka mingi baada ya Bush kuondoka, bendi hiyo iliendelea kuuimba wimbo uleule mbele ya tawala nyingine. Rais aliyekuwapo wakati wa kutungwa kwake amestaafu. Raia aliyelengwa bado yupo, nao wimbo bado unamtafuta.

Kwa wanaharakati, somo ni gumu zaidi. Tunapenda kumchunguza mtawala; mara chache tunamchunguza Jimmy aliye ndani yetu, anayefurahia kelele kuliko matokeo. Nyani haoni kundule. Tujiulize kila baada ya maandamano na kila baada ya makala kali: tunapigania nini, na je, miaka 10 ijayo tutalikumbuka jina lake?

Na kwa watumishi wa umma wanaonisoma, hasa mliopita katika madarasa yangu: mtu anaweza kuwa na ofisi, muhuri na gari la serikali, akabaki idiotes kwa maana ile ya kale, kwa kuwa katika kila faili linalopita mezani pake anajiona yeye tu. Mwanafunzi wangu aliuliza albamu ilifaa nini. Nilipaswa kumjibu kwa kumgeuzia swali yeye, mimi, na darasa zima lililokuwa likicheka: ni nani kati yetu aliyeguswa na jina lile?