Hapo Palikuwa Bwawa

KUTOKA NG'AMBO
Safu ya kila wiki ya Mwana wa Lubunga

Jumanne asubuhi nilichomeka chuma changu katika shimo la msingi, kikazama mpaka vidole vyangu vikagusa matope. Wasomaji wa safu hii wanakijua chuma hicho: nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na nusu. Sikukigonga kwa nyundo. Nilikisukuma kwa mkono mmoja, kama mtu anayechoma kisu kwenye kwanga. Nikahesabu hatua thelathini hadi pembe ya pili ya jengo lile lile, nikasukuma tena. Huko hakikuingia hata shubiri moja. Kilikutana na changarawe nyekundu, na bega langu likatetemeka.

Jengo ni ukumbi wa michezo wa shule moja ya hapa Lubunga. Mguu mmoja uko juu ya udongo mgumu, mguu wa pili uko kwenye tope, na vijana walikuwa wameshaanza kukoroga zege.

Nikamwuliza msimamizi kama udongo umepimwa. "Papa, udongo ni udongo," akanijibu. "Madarasa yale yamesimama miaka yote, hayajaanguka."

Jibu hilo limeninyima usingizi wiki nzima. Darasa lina upana wa mita saba hivi, na uzito wake umesambaa kwenye kuta ndefu. Ukumbi ni kitu kingine. Uwanja wa basketi ni mita 28 kwa 15; ukiongeza nafasi ya pembeni, paa linapaswa kuruka karibu mita 20 bila nguzo katikati, la sivyo watoto watapasua vichwa. Nguzo zikipangwa kila baada ya mita tano, kila moja inabeba mita 50 za mraba za paa, na mzigo wote huo unashuka mahali pamoja, penye upana wa meza. Na dhoruba ikija, upepo unaingia chini ya bati na kulivuta juu, kwa hiyo msingi ule ule uliobeba unatakiwa pia kushikilia. Jengo likititia lote kwa pamoja, kidogo, linaweza kuvumilia. Linalovunjika ni lile linalotitia upande mmoja huku upande wa pili umekataa.

Na tope lile si siri ya wataalamu. Chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye mashimo, kuna mama anayeuza karanga. Nilinunua kifungu, nikamwuliza hapo zamani palikuwa nini. Hakufikiri hata kidogo. "Bwawa la samaki, Papa. Tulikuwa tunavua hapo. Baadaye wakaleta udongo mwekundu, wakafukia." Akanionyesha kwa kidole ukingo wake ulipokuwa unapita, na ukingo huo unakata ukumbi katikati. Swali moja kwa mama wa karanga! Mchoro mzima umetengenezwa, umepigwa mihuri, na hakuna aliyemwuliza.

Mnara wa Pisa kule Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, na kabla ya ghorofa ya nne ulikuwa umeshainama. Karne nane baadaye ulifungwa miaka kumi na moja, 1990 hadi 2001, ili mafundi wauokoe kwa kuchota udongo chini ya upande ulioinuka. Sisi hatuna fedha za namna hiyo. Sisi ndio wa mwisho tunaoweza kujenga kwa kubahatisha: kati ya komini sita za Kisangani, ni sisi peke yetu tuko upande huu wa mto, na simenti inayotoka upande wa pili lazima ivuke maji ndipo itufikie. Mfuko mmoja uliozama kwenye bwawa ni mfuko wa watoto wetu.

Hata maji ya juu hayakufikiriwa. Paa la mita 20 kwa 30, mvua kubwa moja ya milimita 50, ni lita 30,000: mapipa 150 yanamwagika miguuni pa nguzo. Kwenye mchoro sikuona mfereji hata mmoja.

Nautaka ukumbi huu. Mwaka 2023, vita vya Wambole na Walengola vilipofukuza watu vijijini, niliona familia zikitafuta paa lolote la kulala. Siku ikija tena, Mungu apishe mbali, watakimbilia hapo, mamia, chini ya paa hilo hilo.

Basi simamisheni. Chimbeni mashimo manne ya mita tatu, moja kila pembe, na la tano katikati. Leteni chombo cha kupimia udongo kwa nyundo inayoangushwa, mhesabu mapigo. Tope likiwa fupi, litolewe lote na kujazwa changarawe inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Likiwa refu, ukumbi usogezwe. Upande wa changarawe kuna nafasi, nimeipima kwa miguu yangu. Fedha ipo, maana kibao cha marumaru chenye majina ya wakubwa kimeshachongwa. Nimekiona, kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya stoo.

Zege la nguzo linamwagwa Jumatatu. Chuma changu kiko nyuma ya mlango, na nitakuwa nyumbani Jumamosi na Jumapili.