Isongole na bima ya dakika za lala salama

Msiba ukitokea usiku Chitipa, upande wa Malawi, alfajiri Isongole watu wanavuka. Hakuna anayeanza kutafuta wakala wa bima. Walambya na Wandali wako pande zote mbili za mpaka huu wa Ileje na Malawi. Shangazi yuko kule, shamba liko huku, na safari huamuliwa kwa simu moja. Ndiyo maana ule ushauri unaorudiwa kila mara, kwamba bima ya safari ikatwe wiki kadhaa kabla ya kuondoka, hapa hauna pa kushika.

Ushauri wenyewe si wa uongo. Ikiwa bima yako inalipia safari iliyovunjika, ukiikata mapema kisha ukaugua au ukafiwa kabla ya siku kufika, utarudishiwa nauli ya ndege na pesa ya hoteli. Ukiikata jioni ya kuamkia safari, siku zote hizo zimekupita bila kinga, na ugonjwa uliokwisha kuujua huwezi kuibebesha kampuni. Lakini hasara hiyo ni ya mwenye tiketi. Mama aliyepakia gunia lake la mahindi kwenye bodaboda hajalipia hoteli yoyote. Kwake cha maana ni matibabu akiumia ng'ambo, na gharama za kumrudisha, akiwa hai au maiti. Kinga ya namna hiyo kwa kawaida huanza siku ya safari, awe ameilipia leo au mwezi uliopita. Kwa hiyo kumlaumu kwa kuchelewa ni kumwonea tu.

Gari limefikiriwa zaidi ya mama huyo. Dereva wa lori anayevuka Tunduma kuingia Nakonde, akaendelea hadi Lubumbashi, hutembea na kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi hiyo ilibaki, na Malawi, Zambia na Kongo zimo. Kadi hulipa madhara ambayo gari limemsababishia mtu mwingine, na hugharamia pia matibabu ya dereva na abiria wake. Huulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, basi hununuliwa. Wengi huichukua ili askari asiwasumbue, na sidhani kama nusu yao wanajua kwamba na wao wenyewe wamo ndani yake. Anayevuka kwa miguu haulizwi bima yoyote, na kadi yake ya bima ya afya ya NHIF haimsaidii Chitipa.

Kama hoja ni kwamba bima ya haraka haiwezekani, tutazame Zanzibar. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa siku 92, na anaweza kuilipia mtandaoni muda mfupi kabla ya kupanda ndege. Inawezekana kwa sababu ni lazima kwa wote: wazima wanachangia pamoja na wagonjwa, na shirika halina hofu ya kujaziwa wale tu waliokwisha kuhisi homa. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wenye bima wasimpende mnunuzi wa dakika za mwisho. Tanzania Bara ilipotangaza mpango kama huo kwenye bajeti ya 2025/26, raia wa Afrika Mashariki na SADC waliachwa nje. Kwa mfuko wao ni nafuu.

Ulazima huo usiletwe Isongole. Ukimdai muuza nyanya malipo mapya kwenye geti, kesho atapita njia ya panya, na hapo utakuwa umepoteza bima na hata jina lake kwenye daftari la uhamiaji. Afadhali kulipia kwa kundi: chama cha bodaboda au kikundi cha wafanyabiashara kinalipa kwa mwaka, kila mwanachama analindwa siku anayovuka, iwe ameipanga au imemkuta. Kundi likiwa kubwa, hofu ya kampuni inapungua bila kumlazimisha mtu.

Kazi ngumu iko ng'ambo. Mgonjwa akifikishwa hospitali ya Chitipa usiku, akatakiwa kutoa kwacha au mtu wa kumdhamini, fomu ya kudai fidia baadaye haimsaidii aliyevunjika mguu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ianzie hapo na wenzake wa Malawi, kabla kampuni yoyote haijaruhusiwa kutangaza bei.