Uvimbe mbele ya sikio: Mbulu na Hanang kazi si kuukata tu, ni kuujua

Mtu akivimba mbele ya sikio, majirani husema ni matubwitubwi au jino. Mara nyingi wanapatia. Ila matubwitubwi huisha ndani ya wiki mbili hivi. Uvimbe unaokaa miezi, hata kama hauumi, ni habari nyingine.

Huenda umeota kwenye tezi ya mate. Uvimbe mwingi wa tezi hiyo si saratani. Lakini ipo aina adimu, isiyofika 5 katika kila 100, inayoanzia kwenye tishu laini: mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu au misuli.

Kwa kupapasa, zote zinafanana. Ultrasaundi inaonyesha ukubwa na kama kuna damu inayopita, haitoi jina. Sindano nyembamba nayo wakati mwingine huvuta damu tupu. Jibu la uhakika liko kwenye kipande cha nyama kilichopimwa kwa hadubini, mara nyingine kwa rangi maalumu zinazoonyesha seli ilianzia wapi.

Kwa nini jina ni muhimu?

Uvimbe wa mafuta unaweza kuangaliwa tu. Wa mishipa ya damu ukikatwa kiholela, damu inamwagika. Saratani ya tishu laini inataka upasuaji mpana, pengine na mionzi. Na katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu wa uso. Ukiguswa vibaya, mdomo unapinda na jicho halifungi.

Safari ya kipande

Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanza mwaka 1955. Hanang ina hospitali ya wilaya pale Katesh. Lakini kwa uvimbe adimu, wataalamu wa kuusoma wako mbali: KCMC Moshi, zaidi ya kilomita 300, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa mfugaji, safari hiyo ni kuuza ng'ombe. Ndiyo maana kipande ndicho kinapaswa kutangulia, si mgonjwa. Masharti yake si makubwa: kilowekwe kwenye formalini ya kutosha, si maji ya chumvi wala spiriti, na fomu iseme uvimbe uko wapi na umekaa muda gani. Iwe pia na namba ya simu inayopatikana. Jibu lisilomfikia mgonjwa ni sawa na kutopima.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kipimo chake kwa watu wa Haydom na Katesh kitakuwa hiki: je, italipia kusoma kipande, au kisu peke yake?

Wakati huo ukisubiriwa, usikae na uvimbe uliozidi mwezi. Ukikua haraka, ukiuma, au uso ukilegea upande mmoja, nenda hospitali leo.